Judo: Pointi Huhesabiwa Aje? Shika Rada Yote, Kutoka Ippon Hadi Shido

Sikiza omera. Enda base yoyote Kondele, Manyatta ama Nyalenda, uliza wasee vile ofsaidi inafanya kazi. Utapata maprofesa kumi na wawili, na kila mmoja yuko tayari kupigana na VAR. Sasa uliza hao hao mtu hushinda judo aje. Kimya. Mmoja atakuambia ni ile ya kina Jackie Chan. Wapi, Jackie Chan ni kung fu.

Na si ati judo ni kitu ya mbali sana. Iliingia Olimpiki mara ya kwanza Tokyo 1964. Jirani zetu Tanzania wamepeleka msee anaitwa Andrew Thomas Mlugu, kilo 73, Rio 2016 na tena Paris 2024. Zanzibar kuna Mjapani, Tsuyoshi Shimaoka, ambaye alianza kufunza vijana wa kisiwani judo miaka ya 90. Mwaka wa 2026 judo iko kwa michezo 10 ya Jumuiya ya Madola kule Glasgow, na iko pia Dakar kwa Olimpiki ya vijana, ile ya kwanza kabisa kufanyiwa Afrika. Kwa hivyo siku moja utakuwa kwa kibanda unangoja ngege yako ikaangwe, TV inaonyesha wasee wawili wamevaa kama wametoka kuoga, mmoja anaangushwa kidogo tu na mechi imeisha. Watu wataanza kulia wizi. Wewe ndio utakuwa unajua.

Ama uko na ndugu mdogo ameanza kufunzwa hii kitu, na unataka kujua kwa nini amerudi nyumbani na machozi akisema hakuangushwa hata mara moja lakini alipoteza. Inawezekana kabisa. Tutafika hapo.

Kwanza, wanatafuta nini?

Judo ilianzishwa na Jigoro Kano, Tokyo, mwaka wa 1882. Jamaa alichukua mapigano ya zamani ya Kijapani akatoa zile vitu za kuua mtu, akabakisha kurusha, kushikilia chini, kukaba na kukunja mkono. Hakuna ngumi. Hakuna teke la kuumiza. Kama umezoea ndondi, ile ya kina Conjestina Achieng wa Siaya, hapa sahau kabisa mambo ya kuhesabu ngumi ngapi zimeingia.

Swali la judo ni moja: je, umemshinda huyu mtu kabisa ama ni nusu nusu? Hiyo "kabisa" ndio inaitwa ippon. Ukipata ippon, mechi imekufa hapo hapo. Haijalishi ni sekunde ya 4 ama dakika ya 3. Haijalishi ulikuwa unachapwa vibaya aje. Ni kama noki-auti ya ndondi, tofauti ni kwamba aliyeangushwa huamka, hutengeneza mkanda, na hutembea mwenyewe.

Ukiwa umekulia karibu na bichi tayari unaelewa hii kitu. Wazee wa Kijaluo waliita mieleka olengo, na hata leo ukipita Dunga jioni utapata vijana wanarushana kwa mchanga. Hakuna mwenye anashika kalamu. Msee akianguka mgongo tii, kila mtu anajua. Judo imechukua hiyo "kila mtu anajua" ikaiwekea sheria.

Omena, ngege na mbuta

Kuna alama tatu siku hizi: yuko, waza-ari na ippon. Njia rahisi ya kuzishika ni kwa samaki, na usinicheke.

Yuko ni omena. Waza-ari ni ngege. Ippon ni mbuta, ile kubwa ya kubebwa na watu wawili.

Ngege mbili zinakupa mbuta moja. Yaani waza-ari mbili ni ippon, mechi kwisha, enda nyumbani. Lakini omena, hata ukijaza gorogoro mpaka imwagike, haigeuki ngege. Msee anaweza kuwa na yuko tano, mwenzake ako na waza-ari moja tu, na huyo wa waza-ari ndiye anaongoza. Hapa ndipo watu wengi hupotea, juu wanajumlisha kama ni bao za mpira. Usijumlishe. Angalia kwanza nani ako na waza-ari. Kama zimetoshana, ndio sasa unashuka kuhesabu yuko.

Sasa refa anajuaje ni gani? Akiona mtu amerushwa, anaangalia vitu nne: kasi, nguvu, kama ameangukia mgongo, na kama mwenye kurusha amemdhibiti mpaka mwisho. Zote nne zikikuwa, ni ippon. Kitu kimoja kikipungua, mfano alianguka mgongo lakini polepole kama mtu anawekwa kwa kitanda, hiyo ni waza-ari. Akiangukia ubavu mzima pia ni waza-ari. Akiangukia tu upande wa juu, ile sehemu ya bega, lakini hajageuka vizuri kuelekea mgongo, hiyo ni yuko. Akiangukia tumbo ama magoti, hakuna kitu. Na hii ndio sababu utaona msee yuko hewani tayari, anajipinda kama paka ili aangukie tumbo. Si woga huo. Anajinyima bei.

Mkono wa refa ndio utakuambia. Ukiinuka juu kabisa, kiganja mbele, hiyo ni ippon, piga nduru. Ukinyooshwa kando usawa wa bega, kiganja chini, ni waza-ari. Hizo mbili ukizishika, nusu ya kazi imeisha.

Chini kwa mkeka

Hii sehemu ndio watu wa TV hulala, na ndio mimi hupenda zaidi.

Mtu akianguka na mechi haijaisha, mnaruhusiwa kuendelea hapo chini. Ukimlaza mgongo, ukamdhibiti kutoka juu ama kando, na miguu yako haijanaswa na yake, refa anainama, ananyoosha mkono kuwaelekea na kusema "osaekomi". Saa ingine inaanza kuhesabu kwa skrini. Ukimshikilia kutoka sekunde 5 hadi 9, ni yuko. Sekunde 10 hadi 19, waza-ari. Sekunde 20, ippon. Akitoroka, ama akinasa mguu wako na miguu yake, refa anasema "toketa" na saa inasimama.

Sekunde 20 zinaonekana kidogo. Jaribu kesho. Mwambie rafiki yako wa kilo 80 akulalie kifuani na wewe ujaribu kutoka. Utajua sekunde 20 ni ndefu kuliko kungoja matatu ya Bondo ijae.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, ippon ilikuwa sekunde 30. Los Angeles 1984, fainali ya uzito wa wazi, Mohamed Rashwan wa Misri alikutana na Yasuhiro Yamashita wa Japani. Yamashita alikuwa ameumia ndama ya mguu wa kulia kwa mechi ya awali, anachechemea kila mtu akiona. Rashwan alimalizwa chini, ameshikiliwa mgongo mpaka saa ikaisha. Alirudi na fedha, na akapewa heshima ya uungwana kwa sababu watu waliona hakutafuta ule mguu mbovu. Kuna wenye bado wanabishana kama ni kweli alijizuia. Mimi nasema msee aliyefika fainali ya Olimpiki akitoka Afrika mwaka huo, mpe maua yake.

Njia zingine mbili za ippon hapo chini ni kukaba shingo na kukunja mkono, na mkono unakunjwa kwa kiwiko peke yake. Si kidole, si goti, si bega. Hapa mwenye kuamua si refa sana, ni wewe mwenyewe uliyekabwa. Unagonga mkeka ama mwili wa mwenzako mara mbili ama zaidi, imeisha. Ukikataa kugonga na ukazimia, pia imeisha, tofauti ni kwamba umelala.

Ndugu yako mdogo akikuambia kugonga ni aibu, mkalishe chini. Kiwiko kikishakunjwa vibaya, hakuna pointi itakirudisha, na bili ya hospitali haitalipwa na mashabiki. Kwa mashindano mengi ya watoto wadogo hizi mbinu hata haziruhusiwi. Uliza kocha kabla ya siku ya mashindano, usingoje kuuliza ukiwa kwa mkeka.

Paris 2024 kila mtu aliona vile hii inaweza kuchafuka. Robo fainali ya kilo 60, Ryuju Nagayama wa Japani alikuwa amekabwa na Francisco Garrigos wa Uhispania. Refa akasema "matte", yaani simama. Garrigos akaendelea kukaba sekunde kadhaa, anasema hakusikia. Nagayama akawa amelegeza akijua imesimamishwa, akazimia. Refa akampa Garrigos ippon. Mjapani alikataa kumpa mkono, intaneti ikawaka moto. Mwishowe wote wawili walimaliza na shaba, na wakapatana baadaye. Lakini shika hilo: usilegeze mpaka mikono ya mwenzako itoke shingoni mwako.

Shido: vile unapoteza bila kuanguka

Tumefika kwa machozi ya ndugu yako.

Shido ni adhabu ndogo. Unaona kadi ya njano kwa skrini. Moja, mbili, ya tatu unatolewa na mwenzako anashinda, hata kama ni wewe ulikuwa unaongoza. Hiyo ya kutolewa inaitwa hansoku-make. Ukipewa shido moja, mwenzako haongezwi pointi. Inakaa tu hapo ikikungoja, kama deni la Fuliza.

Unapewa kwa nini? Kwa kutoshambulia. Kwa kutoka nje ya mkeka. Kwa kushambulia uongo, ile ya kujirusha chini ndio uonekane unafanya kazi. Kwa kujikunja kama mzee wa mgongo mbovu ndio usirushwe. Kwa kukataa kushikwa, unapiga piga mikono ya mwenzako dakika nzima. Refa akizungusha mikono mbele ya kifua kisha akunyooshee kidole, ujue amekuambia huna kazi unafanya.

Judo inachukia msee mvivu. Mpira unaweza kufunga bao dakika ya 10 kisha mlaze basi mbele ya goli dakika 80, na watu wa Gor wamefanyiwa hiyo na timu ndogo ndogo mpaka tukazoea. Hapa huwezi. Ukiongoza na ukaanza kutoroka, shido zitakushika. Ndio maana mtu anaweza kurudi nyumbani bila kuanguka hata mara moja na amepoteza haki kabisa. Kocha akipiga kelele "shika! ingia!" si ati amekasirika, anahesabu hizo kadi.

Kushika mguu ndio kumechanganya watu wengi zaidi, haswa wale wamejifunza na video za zamani. Kitambo ungeweza kuvuta mguu wa mtu kwa mkono ukamrusha. Kuanzia 2010 walianza kukataza. London 2012, Rafaela Silva wa Brazil, binti wa mtaa wa Cidade de Deus kule Rio, alitolewa kwenye mashindano kwa sababu ya kushika mguu, moja kwa moja. Alitukanwa mtandaoni matusi ya ubaguzi mpaka akakaribia kuacha mchezo. Miaka minne baadaye, Olimpiki ikiwa kwao nyumbani, akachukua dhahabu ya kilo 57, ya kwanza ya Brazil mwaka huo. Mtu wa Nyalenda ama Obunga hahitaji kuelezewa hiyo dhahabu ilimaanisha nini huko mtaani. Siku hizi kushika mguu hakukutoi mara moja, ni shido. Lakini usizoee.

Kuna makosa ya kukutoa moja kwa moja bila kungoja tatu. Mfano ni kujitupa kichwa mbele kwa mkeka ukijaribu kurusha mtu. Hiyo si kukuonea, ni kuokoa shingo yako.

Mechi moja, mwanzo mwisho

Acha tuweke yote pamoja. Kuna mweupe na kuna wa bluu, hizo ni rangi za nguo tu, ndio refa na sisi wa kibanda tuwatofautishe. Saa ni dakika 4, wanaume na wanawake sawa, na inashuka kwenda sufuri. Inasimama kila refa akisema "matte". Refa anasema "hajime", wanaanza.

Saa ikiwa 3:20, mweupe anamrusha wa bluu, bega linagusa mkeka. Yuko. Omena moja. Saa ikiwa 2:40 wote wamelala wima, wanaangaliana kama mapenzi yamekufa. Refa anawapa shido kila mmoja. Saa ikiwa 2:05 wa bluu anamwangusha mweupe kwa tumbo, hakuna pointi, lakini anamgeuza haraka na kumshikilia. Osaekomi. Sekunde ya 12 mweupe anatoroka. Waza-ari kwa bluu.

Hapa kibanda kinagawanyika. Sasa hivi bluu anaongoza, ngege moja inakula omena moja.

Saa ikiwa 1:10 mweupe anapata yuko ingine. Omena mbili. Bado anapoteza! Na wa bluu anajua, kwa hivyo anaanza kutembea kinyumenyume. Saa ikiwa 0:30 anapewa shido ya pili. Akipata ingine amekwenda. Ikabidi aingie, na alipoingia akakosea, saa ikiwa 0:08 mweupe amemlaza mgongo. Osaekomi. Saa inafika sufuri.

Imeisha? Hapana. Kama osaekomi ilitangazwa kabla ya kengele, mnaendelea mpaka mtu atoroke ama pointi zikamilike. Sekunde ya 10, waza-ari. Sekunde ya 13 wa bluu anachomoka. Toketa. Sasa kila mtu ako na waza-ari moja. Tunashuka kwa yuko: mweupe mbili, bluu sufuri. Mweupe ameshinda. Kwa omena.

Zikitoshana kila mahali basi mnaingia golden score, dakika za ziada zisizo na mwisho. Pointi yoyote ya kwanza inamaliza, hata yuko. Shido mlizokuja nazo haziamui mshindi zenyewe, lakini hazifutwi pia, kwa hivyo mwenye mbili anapigana akiwa na kisu shingoni. Tokyo, ile Olimpiki ya 2020 iliyochezwa 2021, semi fainali ya kilo 70 ilienda zaidi ya dakika 16 jumla. Chizuru Arai wa Japani na Madina Taimazova wa Urusi, mechi ya dakika nne! Iliisha Taimazova amekabwa mpaka akazimia, jicho moja limefura. Akaamka, akarudi siku hiyo hiyo, akachukua shaba. Arai akachukua dhahabu.

Refa naye anaweza kukosa

Ukiwa Mkenya wa kupenda ndondi, hii itakuuma. Munich 1972 Philip Waruinge wetu alipoteza fainali ya uzito wa unyoya kwa Boris Kuznetsov wa Sovieti, majaji watatu kwa wawili. Jaji mmoja tu angeona tofauti, ingekuwa dhahabu. Seoul 1988 Roy Jones wa Marekani naye akanyimwa kwa tatu kwa mbili pia, mpaka sasa hakuna mtu anaamini. Ndondi ina hiyo shida: mtu akibaki amesimama, wewe uko kwa huruma ya macho ya watu.

Judo ilikuwa na shida hiyo hiyo. Sydney 2000, fainali ya wazito, David Douillet wa Ufaransa alimwingilia Shinichi Shinohara wa Japani. Shinohara akamgeuza hewani, wote wakaanguka. Jaji mmoja wa kona aliona ni ippon ya Shinohara. Refa na jaji wa pili wakaona ni yuko ya Douillet. Yaani kitendo kimoja, mmoja anaona dhahabu ya huyu, wengine wanaona pointi ya yule! Douillet akashinda. Wajapani hawajasahau.

Teddy Riner, lile jitu la Ufaransa, 2010 alipoteza fainali ya dunia ya uzito wa wazi pale Tokyo kwa maamuzi ya majaji. Baada ya hapo hakupoteza tena mpaka Februari 2020, mechi 154 mfululizo, wakati Kokoro Kageura alimrusha Paris. Fikiria hiyo: miaka tisa na zaidi, na ile ya mwanzo iliamuliwa na bendera.

Bendera zilikuwa hivi. Mechi ikiisha sare kabisa, refa na majaji wawili wanainua bendera ya rangi ya mwenye wanaona alikuwa bora. Inaitwa hantei. London 2012, robo fainali ya kilo 66, Cho Jun-ho wa Korea Kusini na Masashi Ebinuma wa Japani. Bendera tatu zikapanda, zote bluu, za Cho. Ukumbi ukapiga kelele. Wakubwa wa kamati wakawaita majaji pembeni. Wakarudi, wakainua tena. Tatu, zote nyeupe. Ebinuma ameshinda. Watu hao hao watatu, mechi hiyo hiyo, dakika chache tu! Na hawa pia wote wawili wakaishia na shaba, kama vile judo hupenda kufanya mzaha.

Mwaka uliofuata hantei ikatolewa, na ndio ukaona golden score haina mwisho. Siku hizi kwa mashindano makubwa refa ni mmoja kwa mkeka, ako na kidude kwa sikio, na wenzake wako mezani na video. Ukiona ameguswa sikio kisha anafuta waza-ari aliyotoa, hajahongwa. Ameambiwa angalia tena.

Kabla uanze kubishana kwa komenti

Angalia mwaka wa video. Sheria za judo hubadilika kila baada ya Olimpiki. Kulikuwa na alama ndogo zaidi inaitwa koka, ikatolewa mwisho wa 2008. Yuko ilitolewa 2017, ikarudishwa 2025, kwa hivyo mechi za Rio unaiona, za Tokyo na Paris huioni, na za sahii unaiona tena. Wanaume walikuwa wanapigana dakika 5 mpaka 2017. Mwaka huo huo walitoa ile ya waza-ari mbili kuwa ippon, wakaona wamekosea, wakairudisha 2018. Msee akikuambia umekosea, pengine nyote mko sawa, ni miaka tofauti tu.

Na mashindano ya mtaani ama ya shule yanaweza kuwa na dakika chache na sheria zake za watoto. Ubao unaweza kuwa ni mtu na chaki. Ukimpeleka ndugu yako, fika mapema, uliza mezani vitu tatu: dakika ngapi, kukaba kunaruhusiwa ama la, na kama yuko inahesabiwa. Mwambie akate kucha. Mwambie asivae cheni wala bangili.

Refa akisema "sore-made" imeisha, lakini usikimbie kurusha ngumi hewani kama umefunga bao uwanja wa Moi. Kila mtu anarudi kwa alama yake, anatengeneza nguo na kufunga mkanda vizuri. Refa ananyoosha mkono kwa mshindi. Kisha mnainamiana, aliyeshinda na aliyepoteza. Rio 2016, Islam El Shehaby wa Misri alikataa kumpa mkono Or Sasson wa Israeli baada ya kupoteza, akaitwa arudi kuinama, akatikisa kichwa tu. Akarudishwa nyumbani kabla ya michezo kuisha. Kwa hivyo inama kwanza, kisha ondoka kwa mkeka ukitembea kinyumenyume, inama tena ukifika ukingo, ndio sasa uende kulia ama kuimba huko nje.